Msiisingizie waini ya Dodoma, angalieni glasi kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo huku Kigoma naona linaionea waini ya Dodoma bure kabisa. Mimi ni mama wa kukodisha vyombo vya sherehe hapa Mwanga, sahani, sufuria, viti, na glasi za kila aina, kwa hiyo glasi nazijua zikitoka na nazijua zaidi zikirudi. Na kila msimu wa harusi lazima nisikie maneno yaleyale, eti waini ya hapa nchini inanuka, eti ina kaladha ka sabuni, eti bora ile ya Afrika Kusini. Jamani! Waini imetoka Dodoma, imepita Tabora, imefika huku mwisho wa reli chupa imefungwa vizuri, halafu inamiminwa kwenye glasi iliyosuuzwa kwenye beseni lilelile lililotoka kuosha sahani za samaki wetu migebuka, na lawama anabebeshwa mkulima wa zabibu wa Hombolo ambaye hata hajui kama leo Kigoma kuna harusi.

Nimeshuhudia ukumbi mmoja hapa mjini, sitautaja, mgeni wa meza kuu amenusa glasi akakunja uso, akasema chupa imeharibika. Ikaletwa nyingine. Nayo akasema vilevile. Kamati ya harusi ikaanza kugombana na aliyeuza, simu zinapigwa, kelele, na katika watu wote wale hakuna aliyewaza kuinua glasi tupu kuinusa. Mi nikainusa. Ilikuwa inanuka limau ya sabuni ya maji, na chini ya limau kuna samaki.

Sasa nieleze kwa nini glasi chafu kidogo tu inaharibu waini kuliko inavyoharibu soda, maana watu wananiambia mama mbona soda tunakunywa humohumo na hatusikii kitu. Kinachoitwa ladha ya waini sehemu kubwa sana ni harufu. Ulimi wenyewe kazi yake ni chache, unajua utamu, uchachu, uchungu, chumvi, na ule utamu wa mchuzi wa nyama, basi. Mengine yote, kama hii ina matunda, hii ina viungo, hii ina udongo wa mvua, yanapanda kutoka mdomoni kupitia nyuma ya koo mpaka puani. Usiamini maneno yangu, bana pua, kunywa funda moja, halafu iachie pua kabla hujamaliza kumeza uone kitu kinavyorudi ghafla. Na hizo harufu ziko kidogo mno ndani ya chupa, maana waini karibu yote ni maji na kilevi, kilevi chenyewe asilimia 12 mpaka 14 hivi, sukari kidogo, asidi kidogo, na harufu zote zimebanana kwenye kasehemu kalikobaki. Soda ina sukari ya kumwaga na harufu kali ya kiwandani, inafunika kila kitu. Waini haina ubavu huo.

Halafu angalia na umbo la glasi yenyewe. Ile glasi ya waonjaji iliyowekwa kwenye viwango vya kimataifa mwaka 1977, ISO 3591, tumbo pana na juu imebana, imebanwa makusudi ili harufu isitawanyike, ikae pale pua inapoingia. Sasa kama glasi imetengenezwa kukusanya harufu ya waini, si itakusanya na harufu ya sabuni pia? Na ukiizungusha waini ndani ya glasi kama tunavyoona kwenye sinema, unaitandaza kwenye ukuta wote wa ndani, yaani unaitembeza juu ya kila uchafu ulioachwa pale, na kilevi kina tabia ya kuchukua vitu vya mafutamafuta ambavyo maji peke yake hayavichukui vizuri. Ndiyo maana mhudumu anakuapia glasi ni safi, amejaribu na maji, na mgeni naye anaapa inanuka. Wote wawili wanasema kweli.

Tuanze na sabuni, maana ndiyo kesi kubwa. Hizi sabuni za maji za kuoshea vyombo zimewekewa marashi, limau, chungwa, waridi, mpaka tufaha la kijani, na marashi yake hayakutengenezwa yaondoke upesi, watu wanapenda jiko linukie. Harufu ya limau mara nyingi inatokana na limonini, kitu kilekile kilicho kwenye ganda la chungwa, ni mafuta, kinang'ang'ania. Mhudumu wa harusi ana glasi mia mbili mbele yake, beseni moja la povu, beseni moja la kusuuzia, na baada ya glasi thelathini hilo la kusuuzia nalo lina povu. Hapo anasuuza nini? Anapaka sabuni nyepesi. Ikikauka inabaki utando ambao jicho halioni ila pua inaona, na mdomoni inakuja ule uchungu wa kuteleza ambao watu wanauita waini ya kemikali.

Kwenye vinywaji vya povu ndiyo aibu inakuwa hadharani kabisa. Shampeni ya harusi imefunguliwa, MC anapiga kelele, vigelegele, inamiminwa kwa maharusi, na povu linakufa hapohapo imelala kama chai ya jana. Watu wanasema feki. Inaweza kuwa si feki, sabuni na mafuta yakiwa kwenye glasi yanaua povu, na bia nayo hivyohivyo, ukiona bia imemiminwa vizuri na povu limekatika upesi basi mtilie shaka aliyeosha kabla hujamtilia shaka aliyeitengeneza. Mafuta ya mdomo na lipstiki nayo yamo kwenye kundi hili, ni nta na mafuta, maji ya baridi hayayatoi hata kidogo, na glasi za harusini zinarudi kwangu zina midomo myekundu juu kama zimepigwa mhuri. Ila kuna kitu cha ajabu kidogo upande huu, Gérard Liger-Belair, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Reims kule Ufaransa ambako shampeni inatengenezwa, alionyesha kwamba vile viputo vinavyopanda mstari mmojammoja kutoka chini ya glasi vingi vinaanzia kwenye vinyuzi vidogo sana, vya kitambaa au vumbi, vilivyonasa hewa ndani yake. Kwa hiyo kinyuzi kimoja cha taulo kinakusaidia viputo, sabuni inakuharibia povu, na mtu wa kukausha glasi kwa kanga iliyotoka kushikia sufuria anakupa kinyuzi na mafuta kwa pamoja.

Sasa nije kwetu, maana Kigoma tuna mambo yetu ambayo Dar hawana. Tuna mawese. Mi nayapenda, sombe bila mawese si sombe, ila mawese kwenye glasi ni balaa. Haya mafuta yanaganda, kuyeyuka kwake ni kwenye nyuzijoto 35 hivi, na maji ya bombani asubuhi hayafiki huko hata kwa dawa. Kwa hiyo ukiosha glasi kwa maji baridi kwenye beseni lililopitiwa na sahani zenye mawese, mafuta hayaondoki, yanahama tu, yanatoka kwenye sahani yanakwenda kutulia kwenye glasi, utando mwembamba ambao hata ile rangi ya chungwa huioni. Na mafuta yanashika harufu kama kanga ya jikoni inavyoshika moshi, ya dagaa, ya kitunguu, ya chochote kilichopita, halafu yenyewe yakikaa siku mbili tatu yanachacha na kuleta harufu yake mpya.

Na huo usamaki nao una hadithi yake. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walitoa kazi yao wakionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo ndani ya waini ndiyo yanayoleta ile harufu kali ya samaki mdomoni ukinywa waini na chakula cha baharini, walijaribu na chakula cha baharini kilichokaushwa, waini yenye chuma kingi harufu ikawa kali, wakikizuia chuma kisifanye kazi harufu inapungua. Mafuta ya samaki yanakatikakatika haraka na chuma kinayahimiza. Mi nikisoma kitu kama hicho nafikiria mwalo wetu wa Kibirizi, dagaa wameanikwa wanang'aa mpaka macho yanauma, na dagaa hao ndio wanaotengeneza meza ya sherehe huku, kwa hiyo kama glasi ina kautando ka mafuta ya dagaa na wewe unamimina waini nyekundu juu yake, umekutanisha watu wawili ambao hawapatani. Harufu itakayotoka inaweza kuwa kubwa kuliko uchafu uliokuwepo. Halafu mtu anasema zabibu za Dodoma zina usamaki! Dodoma na samaki wapi na wapi, bwana.

Jambo lingine ni maji yenyewe. Ziwa Tanganyika maji yake ni mazuri, meupe, unaona mpaka chini, ila ni maji yenye magadi kidogo, pH yake, kile kipimo cha uchachu na magadi, inakaribia 9, na yana magnesiamu ya kutosha. Ukiacha glasi ikauke yenyewe na maji hayo utaona madoa meupe, ule ukungu ambao kila mtu anadhani glasi imezeeka. Haijazeeka, ni madini yamebaki maji yalipokauka. Ukiosha kwa sabuni ya mche, hasa hizi zetu za mafuta ya mawese na mise, yaani kokwa za michikichi, inakuwa mbaya zaidi, sabuni ya mafuta ikikutana na magnesiamu na kalsiamu inatengeneza utando mweupe mgumu usioyeyuka, uleule unaouona pembeni mwa beseni la kuogea. Madoa yenyewe sidhani kama yanaharibu sana ladha, tatizo lake ni kwamba uso wa glasi unakuwa wa kukwaruza na unashikilia vitu vingine, marashi ya sabuni yanapata pa kukaa. Dawa yake haina gharama, siki au ndimu kwenye maji ya uvuguvugu, loweka, yanaondoka, halafu suuza vizuri kwa sababu siki nayo ina harufu na mgeni atakuambia waini imechacha.

Na Jik jamani. Kuna wahudumu wanaamini Jik ndiyo usafi. Kwenye sakafu sawa. Kwenye glasi ya waini harufu ya klorini inakaa pale na pua ya kawaida inaipata upesi sana. Kuna na jambo kubwa zaidi ambalo wenzetu wa waini walilipata kwa shida, mwaka 1981 Hans Tanner wa Uswisi na wenzake waliitambua kemikali inayoitwa trikloroanisoli, wenyewe wanafupisha TCA, kwamba ndiyo inayoifanya waini inuke boksi lililolowa na kuota ukungu. Inatokea pale vitu vyenye klorini vinapokutana na ukungu wenyewe, mara nyingi kwenye vizibo vya gome la mti, lakini hata kwenye mbao na makaratasi ya stoo inapatikana. Nanogramu chache tu kwa lita moja, yaani sehemu chache za gramu iliyogawanywa mara bilioni moja, watu wengi wanainusa. Kwa hiyo mtu anapopiga Jik kwenye stoo yenye unyevu na maboksi yaliyorundikana, na glasi zimo ndani ya maboksi hayo, mi naona anacheza na moto.

Nikifika kwenye maboksi, Mhariri usikasirike, gazeti lako ndilo tunalofungia glasi. Tunasoma kwanza lakini, hilo nakuhakikishia! Wino wa gazeti una harufu, na glasi ikikaa miezi ndani ya karatasi hilo kwenye stoo ya bati na joto letu hili, inatoka inanuka kurasa. Kuigeuza glasi juu chini kabatini nako watu wanaona ndiyo usafi, eti vumbi lisiingie, ila hewa ya mle ndani inafungiwa, hewa ya mbao, ya rangi ya kabati, ya plastiki ya kutandika, na mgeni ndiye wa kwanza kuivuta. Bora isimame wima kwenye kabati kavu lenye mlango, vumbi utalisuuza.

Sitaki kuonekana nalalamika tu, kwa hiyo niseme kinachofanyika kwangu na mabinti ninaofanya nao kazi wanakijua. Glasi zina mabeseni yake, hayajawahi kuona sahani wala hayataiona. Glasi zinaoshwa kwanza kabla ya sahani, maji moto kiasi mkono unavyovumilia, sabuni kidogo isiyo na marashi kama inapatikana na kama haipatikani basi tone moja kwa beseni zima, mdomo wa glasi unasuguliwa kwa vidole, halafu kusuuza mara mbili kwa maji yanayobadilishwa, na kukausha kwa kitambaa cha pamba ambacho nacho kimefuliwa bila marashi, maana ukifua kitambaa kwa sabuni ya unga yenye maua halafu ukakaushia glasi umerudi kulekule. Dodoki lililopita kwenye sufuria marufuku. Mabinti walinicheka mwanzo, siku hizi wao ndio wanaofukuza watu wenye masahani karibu na mabeseni yao.

Na kupima ni rahisi, mteja yeyote anaweza kupima, hata wewe unayekunywa nyumbani. Ichovye glasi kwenye maji safi uinue. Maji yakishuka kwa pamoja kama pazia moja, safi. Yakijikusanya vitonevitone na kuacha mapengo, pale kwenye mapengo kuna mafuta. Wauza bia wana kipimo kingine, unalowesha glasi ndani unanyunyizia chumvi, inapogoma kushika ndipo palipo na mafuta. Na kabla ya vyote hivyo, inuse glasi tupu. Glasi safi hainuki kitu, siyo inanukia vizuri, hainuki kitu kabisa. Wahudumu wetu wanajivunia glasi inayonukia limau, na mi hapo ndipo ninapogombana nao kila siku.

Waitaliano wana ujanja wao, wanamimina waini kidogo kwenye glasi, wanaizungusha, wanaimwaga au wanaihamishia glasi inayofuata, ndipo wanamimina ya kunywa. Kwenye harusi ya watu mia tano hilo halitafanyika, kamati itanifukuza, lakini kwa meza kuu linawezekana, na kama umefika kwenye baa ukakuta glasi inanuka na maji hayapo, funda moja la waini la kusuuzia ni hasara ndogo kuliko kuiacha chupa nzima.

Wenye mahoteli na kumbi, nawaomba kwa heshima, kabla hamjarudisha kreti kwa muuzaji mkisema mzigo mbovu, mimineni chupa hiyohiyo kwenye glasi mbili, moja ya kwenu kama ilivyo, nyingine iliyooshwa kwa maji moto na kusuuzwa mbele yenu. Zikinuka zote mbili, rudisheni, na mimi nitawaunga mkono, maana waini mbovu zipo na sisemi hazipo, kuna chupa zilizokaa juani kwenye dirisha la duka mpaka zikapikika. Ikinuka moja, mnajua pa kwenda.

Na wale wanaoleta waini za Dodoma huku kwetu, wakija na promosheni wanagawa fulana na kofia na muziki mkubwa, tunashukuru. Safari ijayo walete na vitambaa vya kukaushia glasi, na karatasi moja ya maelekezo ya kuosha, kwa Kiswahili, ya kubandika ukutani juu ya karo. Ya kwangu nitaibandika stoo mwenyewe, karibu na ile niliyoandika kwa mkono kwamba atakayerudisha glasi zina mawese nakata kwenye pesa yake ya dhamana.

Mama Vyombo,
Mwanga, Kigoma